Mafuta ya Shea ya Kopo Kutoka Lango: Lebo Inaahidi Mengi, Mafuta Yanatimiza Machache kwa Uzuri

Bidhaa ninayoitathmini hapa ni mafuta ya shea yasiyosafishwa kiwandani, yanayouzwa katika kopo la plastiki la gramu 250 kwa shilingi 15,000 kwenye duka moja la vipodozi karibu na soko kuu la Arua, Uganda. Lebo inasema yametengenezwa na kikundi cha wanawake wa wilaya ya Otuke, katika eneo la Lango, ambako wenyeji huyaita moo yaa na tangu zamani wamekuwa wakiyatumia kupikia, kujipaka na kuwapaka watoto wachanga. Sitaji jina la kikundi wala la duka, kwa kuwa mengi nitakayoyasema yanahusu makopo mengi ya namna hii yanayouzwa Gulu, Lira na Kampala, na pia kwa kuwa malalamiko yangu yanaihusu lebo zaidi kuliko mafuta yenyewe.

Lebo hiyo imejaa ahadi. Inasema mafuta haya hulainisha ngozi, huotesha nywele, huondoa mba, hutibu mapunye na pumu ya ngozi, hukinga jua na hung'arisha rangi ya mwili. Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari, na kila muhula huwafundisha wanafunzi muundo wa ngozi na wa unywele, kwa hiyo nilipoisoma orodha hiyo niliamua kuyatumia mafuta haya msimu mzima wa kiangazi na kuipima kila ahadi kwa yale ambayo utafiti umekwisha kuyaonyesha. Hukumu yangu naitoa mapema ili msomaji mwenye haraka asipoteze muda: ahadi ya kwanza ni ya kweli na inatosha kabisa kuuza kopo hili, ile ya pumu ya ngozi ina ukweli wa nusu, ile ya nywele imeandikwa vibaya ingawa ina kiini cha ukweli, na zilizobaki zingefutwa, hasa zile za mba na mapunye, ambazo zinaweza kumcheleweshea mgonjwa tiba.

Nianze na mafuta yenyewe. Rangi yake ni ya maziwa yaliyochanganyika na manjano hafifu, na harufu yake ni ya mbegu zilizokaangwa, yenye moshi kidogo, jambo linaloonyesha kwamba kokwa zilikaushwa na kukaangwa kabla ya kusagwa na kuchemshwa ili mafuta yaelee juu ya maji na kuenguliwa. Harufu hiyo haimfurahishi kila mtu. Mke wangu aliikataa siku ya kwanza, ingawa hupungua sana baada ya nusu saa mwilini. Ukiyachukua kwa kidole asubuhi, yanakuwa laini kama yanayotaka kumiminika, na mchana wa Februari hapa Arua yaliyeyuka kabisa ndani ya kopo, kisha usiku yakaganda tena yakiwa na chembechembe ndogo kama za semolina. Wateja wengi hudhani chembechembe hizo ni dalili ya mafuta yaliyochakachuliwa. Sivyo. Hutokea mafuta yanapopoa polepole, kwa sababu asidi za mafuta zenye kiwango cha juu cha kuyeyuka huganda kwanza na kujikusanya zenyewe, nazo huyeyuka mara moja kwenye joto la kiganja.

Ulaini huo una sababu ambayo wauzaji wetu wangeitangaza kwa fahari kuliko miujiza wanayoibuni. Shea ya Afrika Magharibi na shea ya kwetu ni spishi moja, Vitellaria paradoxa, lakini wataalamu wa mimea huigawa katika nususpishi mbili: moja inaenea kuanzia Senegali hadi Jamhuri ya Afrika ya Kati, na nyingine, iitwayo nilotica, hupatikana Uganda, Sudan Kusini, Ethiopia na upande wa kaskazini-mashariki wa Kongo. Katika mafuta ya nilotica, asidi ya oleiki huzidi nusu ya asidi zote za mafuta na mara nyingi hukaribia asilimia 60, ilhali asidi ya steariki huwa karibu asilimia 30. Katika mafuta ya magharibi viwango hivyo viwili hukaribiana zaidi. Oleiki ikiwa peke yake huyeyuka kwenye nyuzi joto 13 hivi, na steariki kwenye nyuzi 69 hivi. Ndiyo maana shea ya Ghana au ya Burkina Faso huchimbwa kwa kijiko, na hii ya Otuke hupakwa bila kusuguliwa. Kwa mtu anayepaka mwili mzima kila siku, tofauti hiyo si ndogo.

Sasa ngozi. Tabaka la nje kabisa la ngozi, ambalo katika sehemu nyingi za mwili lina unene wa mikromita 10 hadi 20 tu, limeundwa na seli zilizokwisha kufa, zilizojaa keratini, ambayo ni protini ngumu, na katikati yake mna lipidi, yaani mafuta, za aina tatu: seramidi, kolesteroli na asidi huru za mafuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Peter Elias wa Chuo Kikuu cha California kilichoko San Francisco aliueneza mfano ambao mpaka leo haujapata mshindani, kwamba seli hizo ni matofali na lipidi ni udongo unaoyashikanisha. Udongo ukimomonyoka kwa sababu ya maji moto, hewa kavu au sabuni kali, maji ya mwilini hupenya nje kwa wingi na ngozi hupauka. Sabuni ya mche tunayoogea wengi wetu ina alkali, pH yake ikiwa kati ya 9 na 10, na uso wa ngozi yenye afya una pH ya karibu 5. Kwa hiyo kila tunapojisugua vizuri ili kutoa jasho na vumbi la Arua, tunaondoka pia na sehemu ya udongo huo.

Mafuta haya hayarudishi seramidi zilizopotea, kwa kuwa hayana seramidi. Kazi yake ni kufunika na kujaza nyufa za juu ili maji yaliyomo yasikimbie, na hapo ndipo jaribio moja la zamani linapomfaa mnunuzi kuliko tangazo lolote. Mwaka 1952 mtafiti Irvin Blank wa Marekani alichukua vipande vikavu vya ngozi ngumu, akavitia katika mafuta ya aina mbalimbali, na vipande vikabaki vigumu; alipovipa maji, vililainika. Maana yake ni kwamba kinacholainisha ngozi ni maji, na mafuta ni mlinzi wa maji hayo. Nililifuata hilo kwa kujipaka mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, na matokeo yalikuwa bora waziwazi kuliko nilipojipaka ngozi ikiwa imekwisha kukauka: miguu iliyokuwa ikipauka kufikia saa nne asubuhi ilikaa laini mpaka jioni, na kiasi kilichohitajika kilipungua karibu nusu. Lebo haisemi neno lolote kuhusu jambo hili, na ni hasara, kwani sentensi moja tu ingemwezesha mteja kulitumia kopo kwa muda mrefu zaidi.

Haki inanilazimisha niyalinganishe mafuta haya na mshindani wake wa kila siku, yaani Vaselini, ambayo Robert Chesebrough aliisajili kwa hataza huko Marekani mwaka 1872. Katika kuzuia maji yasitoke, mafuta ya petroli yaliyosafishwa hayajapata mpinzani wa karibu, na mwaka 1992 watafiti waliokuwa wakifanya kazi pamoja na Elias walionyesha kwamba hayakai juu ya ngozi tu kama nailoni, bali hupenya katikati ya seli za tabaka la nje na kuiacha ngozi iendelee kujirekebisha. Kwa bei ni nafuu zaidi, na hayaozi. Nilijipaka mguu mmoja Vaselini na wa pili shea kwa sehemu kubwa ya kiangazi, na katika kuzuia kupauka sikuona tofauti ya kutosha kumshawishi mtu mwenye bajeti ndogo aongeze hata shilingi elfu mbili. Shea ilishinda kwa mambo mengine: hainati kwenye nguo, haikusanyi vumbi kwa wingi, na uso wenye jasho huivumilia vizuri zaidi. Anayesema mafuta ya petroli ni sumu na shea ni dawa kwa sababu tu moja limetoka ardhini na jingine mtini, huyo anauza bidhaa tu.

Kuna sehemu moja ambapo shea ina kitu cha ziada. Kati ya asilimia 4 na 10 ya mafuta yake ni vitu visivyogeuka sabuni vinapochanganywa na alkali, kiwango kikubwa ukilinganisha na mafuta mengi ya kupikia, na miongoni mwake kuna vitamini E na kundi la kemikali ziitwazo triterpeni. Mwaka 2010 Toshihiro Akihisa na wenzake huko Japani walizitenga triterpeni hizo zikiwa zimeungana na asidi ya sinamiki, wakaonyesha kwamba hupunguza uvimbe katika panya wa maabara. Hilo ni jambo la maana, lakini panya aliyepewa kemikali iliyotengwa na kupimwa si mtoto wa Arua anayepakwa mafuta ya kopo, na ndiyo sababu nikasema ahadi kuhusu pumu ya ngozi ina ukweli wa nusu. Mwenye pumu ya ngozi anahitaji kupaka kitu cha kulinda unyevu kila siku, na shea inaweza kuwa kitu hicho. Ugonjwa unapowaka, hata hivyo, anahitaji matibabu kamili, na lebo inayosema “hutibu” humfanya mzazi akae nyumbani akisubiri.

Kwa watoto wachanga nina tahadhari nyingine, nayo inatokana na ile oleiki niliyoisifu. Mwaka 2013 Simon Danby na wenzake wa Sheffield, Uingereza, walichapisha matokeo ya jaribio ambamo watu wazima walipakwa matone ya mafuta ya zeituni, yenye oleiki nyingi, mara mbili kwa siku kwa majuma kadhaa. Tabaka la nje la ngozi zao lilidhoofika na kupata wekundu kidogo, ilhali mafuta ya alizeti hayakuleta madhara hayo. Shea si zeituni, na sehemu kubwa ya oleiki ya shea imefungwa ndani ya molekuli za mafuta kamili isiweze kuisumbua ngozi. Inapoachiliwa huru ndipo mambo hubadilika, nayo huachiliwa zaidi kokwa zinapoachwa zikiwa mbichi kwenye lundo lenye unyevu, au mafuta yanapokaa na maji ndani yake. Kwa hiyo ubora wa kopo la shea huanza siku ile tunda linapookotwa. Mafuta yenye harufu kali ya uchachu, inayokwaruza koo unapoyanusa, ningeyaweka mbali na mtoto, hata kama bibi yake ameyatumia maisha yake yote.

Nafika kwenye nywele, ambako lebo imetumia herufi kubwa kuliko mahali pengine. Unywele unaouona ni kitu kisicho na uhai: ni keratini iliyokwisha kukamilika. Sehemu inayokua iko ndani ya kifuko cha unywele, milimita kadhaa chini ya uso wa ngozi ya kichwa, ambako seli hugawanyika kwa kasi kwa miaka miwili hadi sita au zaidi, kisha kifuko hupumzika kwa miezi michache na unywele hudondoka ili mwingine uanze. Kasi ya ukuaji huamuliwa huko chini. Geneviève Loussouarn wa maabara za L'Oréal alichapisha mwaka 2001 vipimo vilivyoonyesha kwamba nywele za Waafrika aliowapima zilikua wastani wa mikromita 256 kwa siku, na za Wazungu mikromita 396, yaani milimita 8 hivi kwa mwezi dhidi ya 12. Hakuna jambo lolote katika muundo wa shea linalojulikana kubadili kasi hiyo, na anayepaka kopo zima kichwani atabaki na milimita zake 8.

Hata hivyo kila msusi atakuambia kwamba wateja wanaopaka shea huwa na nywele ndefu zaidi, na sidhani kwamba wasusi wanadanganya. Urefu unaobaki ni ukuaji ukiondoa kukatika. Unywele wetu ukikatwa na kutazamwa kwa upande si mviringo kamili bali ni duaradufu, na hujisokota katika urefu wake wote. Mafuta ya asili yanayotolewa na tezi za kichwani hushindwa kuteremka kwenye mizunguko hiyo, na kila kona ni mahali ambapo kitana hukwama na unywele kuvunjika. Niliweka chini ya hadubini ya shule nywele zilizobaki kwenye kitana, zile zilizopakwa shea na zile ambazo hazikupakwa, na ingawa hadubini ya kufundishia haiwezi kuthibitisha mengi, ncha zilizovunjika na mafundo vilionekana vichache kwa zile za kwanza. Mafuta hupunguza msuguano, na msuguano ukipungua nywele hukaa. Nilipomuuliza mwenye duka, mama wa Kinubi ambaye ameuza vipodozi kwa miaka mingi, kwa nini lebo haielezi hivyo, alicheka akasema, “Mwalimu, mafuta hayaoteshi, yanazuia kukatika tu, lakini nani atanunua kopo lililoandikwa kuzuia kukatika?” Mimi ningenunua, na nadhani wengi wangenunua wakielezwa kama yeye alivyonieleza.

Anayetaka mafuta yanayoingia ndani ya unywele wenyewe, badala ya kukaa juu, atafute ya nazi. Mwaka 2003 Aarti Rele na R. B. Mohile huko Mumbai, India, walilinganisha mafuta ya madini, ya alizeti na ya nazi, na ni ya nazi pekee yaliyopunguza kwa kiasi kikubwa upotevu wa protini kwenye nywele, kwa sababu asidi ya lauriki ni ndogo na imenyooka, hivyo hupenya. (Waandishi hao walifanya kazi katika kampuni ya Marico, ambayo inauza mafuta ya nazi, msomaji alikumbuke hilo.) Oleiki na steariki za shea zina kaboni 18 kila moja, dhidi ya 12 za lauriki, kwa hiyo natarajia sehemu kubwa ya shea ibaki juu ya unywele. Kwa kusukia na kuchania, hapo juu ndipo inapohitajika.

Wapo wanaonunua kopo hili kwa sababu nywele za kwenye paji la uso zimerudi nyuma au utosi umeanza kuwa wazi, na kwao lebo ni ya hatari zaidi. Nywele za pembeni zinapotoweka kwa mtu anayesuka kwa kukaza au kuvaa rasta nzito, chanzo ni kuvutwa kwa vifuko, na dawa ya kwanza ni kulegeza msuko kabla makovu hayajajitengeneza. Utosi unaopungua kwa mwanamke wa Kiafrika kuanzia katikati na kuenea unaweza kuwa ugonjwa mwingine kabisa, unaoharibu vifuko moja kwa moja. Mwaka 2019 kundi la watafiti lililoongozwa na Eli Sprecher wa Tel Aviv lilionyesha katika jarida la tiba la New England Journal of Medicine kwamba karibu robo ya wanawake waliochunguzwa wakiwa na ugonjwa huo walikuwa na mabadiliko katika jeni ya PADI3, ambayo hutengeneza kimeng'enya kinachohitajika unywele unapoundwa. Kifuko kikishakuwa kovu hakuna kinachooteshwa hapo, si kwa shea wala kwa mafuta ya bei ya laki moja. Mgonjwa huyo anahitaji daktari wa ngozi mapema.

Ahadi ya kuondoa mba ndiyo iliyonikera kuliko zote, kwa sababu inakwenda kinyume kabisa na yanayojulikana. Mba huhusiana na kuvu wa jamii ya Malassezia, ambao huishi vichwani mwetu sote. Kuvu hao hawawezi kujitengenezea asidi za mafuta. Jenomu ya Malassezia globosa, yaani jumla ya jeni zake, iliposomwa mwaka 2007 ilionekana haina jeni ya kazi hiyo, na badala yake ina vimeng'enya vingi vya kuvunja mafuta ya mwenyeji wao. Huyavunja mafuta ya kichwani, hula asidi wanazozihitaji, na kuacha nyingine, hasa oleiki. Mwaka 2005 watafiti waliripoti kwamba oleiki ikipakwa kwenye vichwa vya watu wenye tabia ya kupata mba, magamba hutokea hata kuvu wakiwa wameondolewa, na kwa watu wasio na tabia hiyo hayatokei. Sasa fikiri mtu mwenye mba anapaka kichwani mafuta ambayo karibu asilimia 60 yake ni oleiki. Siku ya kwanza magamba hulala chini kwa sababu yamelowa, naye hudhani amepona. Baada ya siku chache huwasha zaidi, naye huongeza mafuta. Mba hutibiwa kwa shampuu yenye ketokonazoli, zinki pirithioni au seleniamu salfaidi, na kwa kawaida famasia zinaweza kukupa mojawapo. Shea ipakwe kwenye nywele, kuanzia katikati hadi ncha, na ngozi ya kichwa iachwe.

Kuhusu mapunye nitasema kwa ufupi, ingawa jambo lenyewe ni zito katika shule zetu ambako vichwa vya watoto hunyolewa kwa mashine moja. Kuvu wa mapunye huingia ndani ya unywele na kifuko chake, mahali ambapo kitu cha kupaka peke yake hakifiki vya kutosha. Ndiyo maana hospitali humpa mtoto dawa ya kumeza, kama griseofulvini, kwa majuma sita hadi nane au zaidi. Mafuta hulainisha magamba na kumfanya mwalimu wa zamu asiyaone. Mtoto hubaki na ugonjwa na huendelea kuwaambukiza wenzake.

Ahadi ya kukinga jua imejengwa juu ya punje ya ukweli, kwani zile triterpeni zilizoungana na asidi ya sinamiki hunyonya sehemu ya miale ya UVB, ile ya jua inayounguza ngozi. Kiasi hicho ni kidogo. Ngozi nyeusi yenyewe inafanya kazi kubwa zaidi: vipimo vya Kays Kaidbey na wenzake vya mwaka 1979 viliikadiria kinga ya tabaka la juu la ngozi nyeusi dhidi ya UVB kuwa mara 13.4, na ya ngozi nyeupe mara 3.4, tofauti inayotokana na melanini, yaani rangi asilia ya ngozi. Mtu mwenye ualbino hana kinga hiyo, na katika nchi iliyokaa juu ya mstari wa ikweta kansa ya ngozi kwake si jambo la kubahatisha. Mzazi wa mtoto mwenye ualbino akiisoma lebo hii na kuiamini, akaacha losheni halisi ya jua, kofia pana na mikono mirefu, madhara yatakuwa makubwa kuliko bei ya kopo. Neno “hukinga jua” liondolewe.

Ile ya kung'arisha rangi naipitia haraka. Hakuna kitu katika mafuta ya shea kinachojulikana kumzuia mtu kutengeneza melanini, na kopo langu halikubadili rangi ya mtu yeyote nyumbani. Kwa kweli hiyo ni sifa. Ukikutana na kopo la “shea” linalokufanya mweupe kwa muda mfupi, lishuku mara moja kuwa na haidrokwinoni, zebaki au steroidi, vitu ambavyo havina nafasi katika mafuta ya kujipaka. Shirika la Viwango la Taifa, UNBS, limekwisha kupiga marufuku vipodozi vyenye haidrokwinoni na zebaki.

Lililobaki ni duka na kopo. Kopo ni la plastiki angavu, na makopo ya juu kwenye rafu yalikuwa yanapigwa na jua la alasiri kupitia mlangoni. Mwanga na joto huharakisha kuchacha, hata kama vitamini E iliyomo hupunguza kasi hiyo kidogo. Mama mwenyewe alilijua hilo bila kuuliziwa, maana nilipolichukua la juu alinizuia: “Weka hilo, mwalimu, ngoja nikutolee la kwenye katoni.” Lilikuwa na harufu safi zaidi. Mfuniko unafunga vizuri, ila mafuta yakiyeyuka huvuja iwapo kopo limelazwa kwenye begi, kwa hiyo anayesafiri nalo kwa basi la Kampala alifunge kwa mfuko. Lebo ina tarehe ya mwisho wa matumizi lakini haina tarehe ya kutengenezwa, na kwa mafuta yasiyosafishwa hiyo ya pili ndiyo ningependa kuiona kwanza. Sikuona alama ya ubora ya UNBS.

Bei ya 15,000 wengine wataiona kubwa, hasa wanaoweza kununua mafuta haya kwenye chupa ya maji sokoni Lira kwa bei ya chini. Sioni kama ni ya uonevu. Mti wa shea huchukua miaka 15 hadi 20 kabla ya kuzaa, haupandwi kama mwembe, na kwa miaka mingi umekuwa ukikatwa kwa ajili ya makaa; amri ya Rais ya mwaka 2023 iliyopiga marufuku uchomaji wa makaa ya biashara katika Acholi, Lango, Teso, Karamoja na West Nile ilitolewa wakati miti mingi ilikuwa imekwisha kuanguka. Kuokota, kukausha, kubangua, kukaanga, kusaga na kuchemsha ni kazi ya siku nyingi, na karibu yote hufanywa kwa mikono ya wanawake.

Kwa ngozi inayopauka, visigino vilivyopasuka, mikono ya anayeosha vyombo kila siku na nywele zinazokatika zinapochanwa, ninayapendekeza bila kusita, kwa masharti ya kuyapaka ngozi ikiwa na unyevu na kuyaweka kabatini mbali na jua. Duka hilohilo lina kopo la gramu 100 kwa shilingi 7,000. Kwa hesabu ya gramu ni ghali zaidi, lakini kwa mtu mmoja huisha kabla harufu haijageuka, na ndilo nililochukua niliporudi.